Ukishaweka Mafuta, Kinabaki Nini?

(Niliongea haya mbele ya wanafunzi wa mambo ya usafiri wa anga hapa Dar, mchana wa joto kweli na feni moja inazunguka kwa huruma. Nimeandika kama nilivyoongea, nimetoa tu yale ya kurudiarudia.)

Mwenyekiti, walimu, na nyie wadogo zangu mliojaa mpaka mlangoni, habari za mchana. Asanteni. Nimeambiwa nina dakika arobaini na nikimaliza kuna wali, kwahiyo najua kabisa nashindana na nani humu ndani.

Nikiwa nashuka kwenye bodaboda hapo nje kijana mmoja kanisalimia vizuri, shikamoo mzee, alafu akanipiga swali hapohapo, mzee hivi shirika likitaka kwenda mbali si linachukua tu ndege kubwa inayofika? Nikamwambia swali lako ndo hotuba yangu, ingia ndani ukae. Maana hilo ndo kosa la kwanza la kila mtu, hata wakubwa wenye suti. Wanafungua brosha ya kiwanda wanaona ndege hii inafika kilomita 13,500, wanapima kwenye ramani mji wanaoutaka uko kilomita 11,800, wanapiga makofi, inafika! Inafika ndiyo. Swali langu mimi siku zote ni moja tu, ukishaweka mafuta ya kufika, kinabaki nini cha kubeba?

Mimi miaka mingi nimekaa kwenye kiti cha mtu wa lodi shiti, ile karatasi ya hesabu ya uzito wa ndege. Wengi wenu mnataka urubani, sawa, lakini ile karatasi ya uzito isipokuwa sawa rubani hasaini na asiposaini ndege haisogei, hata kama waziri yupo siti ya kwanza. Unajumlisha ndege yenyewe tupu, watu, mabegi, kago, mafuta, unaangalia uzito wa mwisho unaoruhusiwa kwa ranwei ile, joto lile, upepo ule, siku ile. Ukizidi, kuna kitu kinashuka.

Sasa tuchukue njia moja tuifanyie hesabu hapa ubaoni, sio maneno maneno. Nairobi kwenda New York. Kenya Airways walianza tarehe 28 Oktoba 2018, moja kwa moja bila kusimama, na Boeing 787-8. Kwenda ni kama saa 15, marubani wanne, wahudumu 12, na mafuta waliyotangaza wenyewe ni kama tani 85. Andikeni hiyo 85. Ndege ile ikiwa tupu, na siti zake na majiko yake na vitanda vya marubani kule juu darini, ni kama tani 120. Na uzito wa juu kabisa ambao Boeing wanauruhusu kuondoka nao ni tani 227 na ushee, tuseme 228. Haya toeni. 228 toa 120 toa 85. Inabaki 23. Tani ishirini na tatu!

Ndege za Kenya Airways za aina hiyo zina siti 234. Mtu mmoja na mabegi yake, na njia ya Marekani watu hawabebi begi moja jamani mnajua wenyewe, tuseme kilo 100. Watu 234 ni tani 23.4. Mmeona? Yaani hata kabla hatujagusa kitu kingine ndege imeshajaa kwa uzito, na kago hakuna hata boksi la parachichi.

Na hapo nimewapa hesabu ya uzito wa juu kabisa, kama vile ndege inaondoka Mombasa baharini. Kiwanja cha Nairobi, Jomo Kenyatta, kiko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ni nyepesi kama asilimia 15 kuliko ya pwani. Bawa linataka hewa ili libebe, injini inataka hewa ili isukume, kwahiyo ukipanda juu unapata hasara mara mbili, ndege inabidi ikimbie zaidi ndo inyanyuke, na ranwei ina mwisho na matairi nayo yana spidi ambayo hayaruhusiwi kuzidi. Ndo maana ranwei ya Nairobi inapita kilomita nne, na ndo maana ile ndege ya New York inaondoka karibu na usiku wa manane, sio kwa sababu mtu anapenda kusumbua wazee na usingizi wao, usiku kuna baridi, baridi inafanya hewa iwe nzito kidogo, na kila digrii inayoshuka inakurudishia kilo zako kadhaa. Ratiba inategemea na wenzao New York pia, ukitoka usiku unafika asubuhi na abiria anaunganisha kwenda kwingine, lakini mtu wa uzito anafurahia baridi.

Kurudi sasa ni mambo mengine kabisa. New York iko baharini, unaondoka na uzito wako wote bila shida, na huko juu upepo unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki unakusukuma mgongoni, safari inapungua karibu saa nzima. Manahodha wa majahazi hii kitu wanaijua toka zamani, unakuja huku na kaskazi unarudi Arabuni na kusi, na ukikutana na pepo za omo, zile zinazokupiga usoni, hata chombo kizuri vipi kinatambaa. Kwahiyo ndege moja, njia moja, lakini kwenda na kurudi ni biashara mbili tofauti, na shirika halichagui ndege kwa ile siku nzuri ya kurudi. Linachagua kwa ile siku mbaya ya kwenda.

Wenzetu wa Ethiopia ndo wameumia zaidi na hii. Kiwanja chao cha Bole pale Addis kiko zaidi ya mita 2,300. Ethiopian ndo walikuwa wa kwanza Afrika kupokea 787, mwaka 2012, ni shirika kubwa wana kila aina ya ndege kubwa unayoitaka, lakini kwa miaka mingi wakienda Washington walisimama njiani Dublin kuongeza mafuta, wakirudi wanakuja moja kwa moja. Mtu asiyejua anasema mbona wanazunguka, hawana ndege za maana? Wanazo. Mlima ndo wamejengea kiwanja. Wakaona bora kusimama saa moja ukajaza ndege yote watu na mizigo kuliko kwenda moja kwa moja siti mia ziko tupu. Mimi naona walifanya akili sana, ila abiria hapendi kuambiwa anashuka Dublin usiku.

Sasa kuna mtu atasema, si uchukue ndege kubwa zaidi basi? Kenya Airways walikuwa nazo, Boeing 777-300ER tatu, siti karibu 400 kila moja, ndege nzuri sana, inaondoka na tani 351. Mwaka 2016 wakazikodisha kwa Turkish Airlines. Kwanini? Hapa ngoja niwapeleke kwenye mabasi. Ukiwa na basi la siti 65 na Costa ya siti 30, basi kubwa kwa kila kichwa ni rahisi, mafuta ukiyagawa kwa watu 65 kila mtu analipa kidogo. Hiyo ndo gharama ya siti, na kwa hiyo gharama ndege kubwa mara nyingi inashinda. Lakini kuna gharama nyingine, ya safari nzima, ile unayolipa basi likiondoka stendi hata likiwa na kondakta peke yake. Ada ya kutua inapimwa kwa uzito wa ndege, ada ya kupita anga za watu vilevile, mafuta hayaangalii siti ipo mtu au haipo. Kama huna uhakika wa watu 350 kila siku, hiyo siti rahisi inakula nyumba yako.

Ndo kilichoiua A380, ile ndege kubwa kabisa ya Airbus. Siti mia tano na zaidi, uzito wa kuondoka tani 575, injini nne. Airbus wakatangaza Februari 2019 kwamba wanaacha kuitengeneza, zilitoka 251 tu na karibu nusu, 123, ni za Emirates peke yake. Emirates wanaweza kwa sababu Dubai wanakusanya watu wa dunia nzima, wa Manchester na wa Manila na wa kutoka hapa kwetu, wanawachanganya kama pilau. Wewe ambaye watu wako ni wa mji wako tu huwezi.

Kingine watu wanasahau, idadi ya safari. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeenda China hataki ndege ya siti 400 inayoondoka Jumanne na Ijumaa, anataka ndege siku anayotaka yeye. Siti 250 kila siku zinauza kuliko siti 500 mara tatu kwa wiki. Lakini sasa kila siku ina bei yake. Ile ndege ya New York inaondoka Nairobi usiku wa Jumatatu, inafika Jumanne asubuhi, inageuza mchana, inarudi Nairobi Jumatano kabla ya saa sita mchana. Ukitaka uende kila siku ndege moja haitoshi, unataka mbili zinazopishana. Wao wana 787 tisa, mbili zimeingia New York, zimebaki saba za London, Amsterdam, Paris, Guangzhou na kwingine. Na moja ikiwa gereji je?

Hapo pa gereji ngoja nikae kidogo maana panauma.

Zamani ndege ya injini mbili ilikuwa hairuhusiwi kwenda mbali zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja ambacho inaweza kutua na injini moja. Ndo maana bahari zilivukwa na ndege za injini nne au tatu, zile 747 mlizoziona kwenye picha. Mwaka 1985 TWA, shirika la Marekani, wakaruhusiwa dakika 120 kwa Boeing 767, wakavuka Atlantiki, mwaka 1988 ikawa dakika 180, mwaka 1995 ikaja 777 ikiwa na ruhusa ya 180 toka siku ya kwanza ya kazi, na siku hizi A350 inaruhusiwa mpaka 370, yaani saa sita na dakika kumi juu ya maji kwa injini moja. Ruhusa hiyo wenyewe wanaiita ETOPS. Ilivyopanuka hivyo ndege za injini nne zikakosa kazi, kwanini ulishe injini nne wakati mbili zinafika?

Lakini ruhusa inaweza kurudi nyuma. Injini za Trent 1000, moja ya aina mbili zinazofungwa kwenye 787, zilianza kupata nyufa kwenye mapanga yake ya ndani, na mwaka 2018 wakubwa wa usalama wakakata ruhusa ya baadhi ya hizo injini kutoka dakika 330 mpaka 140. Ndege ni ileile, rangi ileile, lakini ghafla kuna njia za bahari haziwezi tena kuzipita zimenyooka. Kwahiyo ukichagua ndege unachagua na injini, na ukichagua injini umeoa ukoo mzima, mafundi wake, spea zake, foleni ya kiwandani kwake. Mwaka 2025 Kenya Airways walikuwa na 787 tatu kati ya tisa zimekaa chini zinasubiri injini na spea, theluthi nzima. Nendeni mkaangalie hesabu zao za nusu ya kwanza ya mwaka huo, hasara ilirudi.

Sasa fikiria shirika lenye ndege mbili tu za kwenda mbali. Uganda Airlines walipokea A330-800 mbili, ya kwanza Desemba 2020 na ya pili Februari 2021, siti 258, na mwezi Mei 2025 wakaanza Entebbe kwenda Gatwick London. Ndege yenyewe kwa Entebbe wala sio mbaya, kiwanja kiko kama mita 1,150, inafika London bila kujikamua. Ila aina ile imenunuliwa na mashirika ya kuhesabu kwa vidole duniani, kwahiyo siku unatafuta ya kuazima au ya kukodi haraka jirani hana. Mimi ningependa ndege ya kawaida ambayo kila mtu anayo kuliko ndege nzuri ambayo niko nayo peke yangu. Hiyo ni rai yangu, kuna wakubwa hawakubaliani na mimi.

Kuna na anga. Aprili 2023 anga ya Sudan ilifungwa kwa ajili ya vita, na Sudan ndo iko katikati ya barabara yetu ya kwenda Ulaya. Finnair, shirika la Finland, wao ilikuwa mbaya zaidi, Urusi ilipofunga anga 2022, Helsinki kwenda Tokyo ikatoka saa tisa na nusu mpaka kama saa 13. Mtu aliyenunua ndege kwa hesabu ya saa tisa sasa anabeba mafuta ya saa 13, na mafuta yenyewe ni mzigo, maana unachoma mafuta ili kubeba mafuta. Kwenye safari ndefu kama ile ya saa 15 ukiongeza tani moja ndani ya ndege karibu nusu yake inaungua kwa kazi ya kuibeba tu. Nyie pigeni picha mnabeba maji kwa kichwa kutoka kisimani na njiani mnayanywa ili mpate nguvu ya kuyabeba.

Singapore Airlines wao wakaamua kabisa wasibembeleze. Singapore kwenda New York ni zaidi ya kilomita 15,000, saa 18 na ushee. Kwanza walitumia A340-500 ya injini nne, wakafika mahali wakaweka siti 100 tu zote za bizinesi, ikawashinda kwa mafuta, 2013 wakaacha. 2018 wakarudi na A350 ya injini mbili iliyofanyiwa marekebisho ibebe mafuta zaidi, siti 161, ekonomi ya kawaida hakuna. Ndege ambayo wengine wanaweka watu mia tatu! Kwasababu walishajiuliza swali letu, kikibaki kidogo nikiuze kwa nani? Wakajibu, kwa mtu mwenye hela ambaye hataki kusimama njiani.

KLM kwa huku kwetu walijibu kwa njia nyingine. Kilimanjaro peke yake haijazi ndege pana ya kutoka Amsterdam mwaka mzima, Dar peke yake nayo vilevile, basi ndege ikawa inatua Kilimanjaro inashusha watalii inaendelea Dar inashusha wafanyabiashara na watu wa mashirika. Daladala ya kimataifa hiyo.

Nisiwachoshe, ila kuna siku moja lazima niwaambie. Shirika silitaji. Mwezi wa pili, hapahapa Dar, ndege pana ya kwenda mbali mashariki, tumeipangia joto la digrii 31, mchana likafika 34 na upepo ukafa kabisa, bendera pale imelala kama nguo kwenye kamba. Nikapiga upya hesabu, tumezidi karibu tani mbili. Abiria wameshakata tiketi na wameshakaa, mafuta huwezi kupunguza, kinachoshuka ni kago, na kago ya juu siku ile ilikuwa maboksi ya kaa hai wanaenda China. Wakashushwa wakawekwa kivulini. Mwenye mzigo mama mmoja mtu mzima, kanga kajifunga kiunoni, akaja mpaka kwenye kaofisi ketu, wala hakupiga kelele, akaniuliza, mwanangu, kaa wangu ndo wazito kuliko hao watu wote? Nikakosa jibu. Namwambiaje kuhusu digrii tatu? Kaa hai hawasubiri ndege ya keshokutwa. Kitu kilichonikera ni kwamba kuna mtu mezani alipanga ile ndege iondoke saa nane mchana mwezi wa joto kwasababu kwenye brosha imeandikwa inafika.

Haya, maswali. Kuna dada mmoja kule nyuma ameshanyoosha mkono toka nilipotaja Mombasa.

Akauliza, kaka, kama tatizo la Nairobi ni mlima na sisi Dar tuko mita 55 tu, si sisi ndo tungeenda New York? Ukumbi wote ukashangilia, utani wa jirani mnaujua. Nikamwambia njoo mbele, shika chaki. Kutoka Dar ni kama kilomita 600 zaidi, hiyo ni kama dakika 40 hewani, ongeza mafuta tani nne. Akaandika 89. Ndege za Air Tanzania za 787-8 zina siti 262. Akaandika 228 toa 120 toa 89, akapata 19. Tani 19, watu 190. Akatulia akaangalia ubao, akatoa 190 kwenye 262.

Siti 72, akasema kwa sauti ndogo.

Tupu, nikamwambia, na hapo tumeondoka na uzito wote, usiku, joto liko chini, ranwei inatosha na hakuna pepo za omo.

Akafuta chaki kwenye sketi, akaniangalia. Na kaa wa yule mama?

Kaa wanabaki Dar.